Mawakala wa safari Kampala, kwa nini mnawapeleka wazee wetu Venice wakati wa maji?

Wanajukwaa, nimekasirika na sitazunguka. Kuna wakala mmoja hapa mjini aliyewauzia wazazi wangu safari ya Venice, Italia, Novemba iliyopita, zawadi yetu watoto kwa miaka 50 ya ndoa yao. Kabla ya kulipa tulimuuliza jambo moja tu: mwezi gani unamfaa mzee mwenye goti bovu anayetembelea mkongojo? Akajibu bila kusita: "Novemba. Watalii wamepungua, bei iko chini, huo ndio msimu mzuri."

Ni kweli watalii hupungua na bei hushuka. Alichotuficha ni sababu.

Venice imejengwa juu ya visiwa ndani ya laguni (ghuba ya maji mafupi iliyotengwa na bahari), kaskazini kabisa mwa bahari ya Adriatiki. Miezi ya Oktoba hadi Januari, na hasa Novemba, upepo wa siroko huvuma kutoka kusini-mashariki na kuyasukuma maji ya bahari yote kuelekea huko juu. Ukikutana na bamvua (siku ambazo maji ya bahari hujaa kupita kawaida), maji hupanda mjini. Tarehe 4 Novemba 1966 yalifika sentimita 194 juu ya alama ya usawa wa bahari wanayopimia (si kina cha maji mitaani). Tarehe 12 Novemba 2019 yakafika 187. Tazameni miezi hiyo! Hii si siri ya wataalamu. Mtu anayekula kamisheni kwa kuuza Venice hawezi kuniambia hakuijua.

Nilipompigia simu kulalamika, alinijibu kwamba siku hizi kuna malango ya baharini, kwa hiyo mji haufuriki tena. Huu ni ukweli nusu, na ndio ulioniudhi kuliko yote. Malango yapo, yanaitwa MOSE, ni 78 katika mapito matatu ambayo bahari huingilia laguni: Lido, Malamocco na Chioggia. Yaliinuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia bahari tarehe 3 Oktoba 2020, na yameokoa mji mara nyingi. Lakini hayainuliwi kwa kila maji kujaa. Kwa kawaida husubiri utabiri wa sentimita 110, kwa sababu kuyafunga ni gharama na huzuia meli zinazokwenda bandarini. Sasa, uwanja wa Mtakatifu Marko ni sehemu ya chini kabisa ya mji. Huanza kuingiwa na maji yakifika kama sentimita 80 tu. Kwa hiyo kati ya 80 na 110, malango yamelala chini ya bahari na uwanja una maji. Kanisa la Mtakatifu Marko, lililo hapo uwanjani, limezungushiwa kuta za vioo tangu 2022. Baba yangu hakuzungushiwa kitu. Alivushwa juu ya njia za mbao zilizoinuliwa, nyembamba, watu wanasukumana nyuma yake. Maji yale hukaa saa chache na kuondoka, sikatai, lakini mzee akishaogopa kuanguka hatoki tena hotelini. Sisi wa Kampala tunayajua mafuriko ya Bwaise; hakuna anayelipa mamilioni kwenda kuyatafuta Ulaya.

Halafu kuna jua. Hapa kwetu kwenye ikweta usiku na mchana ni karibu sawa mwaka mzima, hivyo wengi hatufikirii kuuliza. Katikati ya Novemba jua la Venice huzama karibu saa kumi na nusu. Mwishoni mwa Mei huzama karibu saa tatu usiku. Wazee wanaoamka taratibu wanabaki na mchana gani hapo? Ni kazi ya wakala kusema hayo.

Na wizi. Nasema wizi kwa sababu sina jina jingine. Kwenye ankara kulikuwa na "ada ya kuingia mji" kwa watu wawili. Ada hiyo ilianza 2024 na hutozwa siku maalumu tu za machipuko na kiangazi. Mwaka 2025 zilikuwa siku 54, kati ya 18 Aprili na 27 Julai. Tena ni ya wageni wanaokuja na kuondoka siku hiyohiyo. Anayelala hotelini ndani ya manispaa, hata Mestre, upande wa bara, hailipi. Wazazi wangu walilala mjini, mwezi Novemba. Hizo euro zilikwenda wapi?

Kitu pekee ambacho kingeifanya Novemba iwe na maana kwa mama ni tarehe 21, sikukuu ya Salute. Wavenice huvuka Mfereji Mkuu kwa daraja la muda kwenda kuwasha mishumaa kwa Bikira Maria, kushukuru kwa kuokolewa kutoka tauni ya 1630. Mama ni mtu wa rozari, na anampenda mno Mtakatifu Bakhita, mtawa mzaliwa wa Sudan, aliyebatizwa Venice tarehe 9 Januari 1890. Wakala aliwarudisha kabla ya sikukuu hiyo kwa kuwa tikiti ilikuwa nafuu. Mama aliisikia kwa mhudumu wa hoteli akiwa anafunga mizigo.

Angetuambia nini? Mei, au nusu ya pili ya Septemba. Mwanzo wa Septemba tamasha la filamu la kisiwa cha Lido hupandisha bei. Julai na Agosti ni joto la kukaba, mbu na msongamano. Karnivali huja kabla ya Kwaresima, tarehe zake huhama kulingana na Pasaka, na vyumba huwa ghali. Januari ni baridi kali lakini tulivu, kwa kijana ni sawa. Dakika tano za maongezi! Na viza ya Schengen, ya kuingilia Italia na nchi jirani zake, huombwa hadi miezi 6 kabla, euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi hata ukinyimwa; ukishachagua mwezi vibaya, kubadili ni hasara juu ya hasara.

Nimemwandikia nikidai ile ada na maelezo kwa maandishi. Hajajibu. Waliotozwa ada kama hiyo kwa safari ya Oktoba hadi Machi, andikeni hapa mlilipa kiasi gani na risiti inasema nini, twende kudai pamoja. Na mawakala mliomo humu, mnaosoma kimya: wateja wenu wa Novemba ijayo mmeshawaambia habari za maji?