Mwenye kalipa mfukoni na mwenye treni mezani, nani anaiharibu hobi ya treni ndogo?

Fundi wa Mwanjelwa
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa rohoni toka Nane Nane iliyopita pale uwanja wa John Mwakangale Uyole na leo nalitoa. Sisi wa treni ndogo tulipata meza moja, mimi nikapeleka ubao wangu wa plaiwudi futi nne kwa nane, reli ya kuzunguka, kituo nimekijenga kwa maboksi ya viatu, mlima ni magazeti na gundi ya unga wa ngano, nyuma nimechora mlima Loleza wa hapa Mbeya. Miezi saba hiyo, kila usiku nikishafunga duka. Treni yenyewe ni kichwa cha mvuke cha Kiingereza na mabehewa matatu, ndicho nilichopata, niliuziwa na mtu aliyekuwa anahama. Watoto wamejaa mpaka hatuonani, treni inazunguka vizuri, mara mwenzetu wa hobi hiihii anakuja, anatoa kalipa mfukoni, kile kipimo cha milimita, anapima reli mbele ya watu wote halafu anasema kwa sauti "hii geji siyo ya TAZARA na treni kama hii hapa kwetu haipo". Mtoto mmoja wa darasa la pili hivi akaniangalia akaniuliza, kwa hiyo treni yako ni ya uongo? Nikakosa jibu.
Swali langu ni hili. Kwenye meza ya wote ni lazima iwe TAZARA tupu kwa vipimo, au kila mtu alete alichonacho? Mimi nasema alete alichonacho, na wapima wapime kwao.

Geji1067
Mimi ndiye niliyepima kwa hiyo nijibu mwenyewe. Geji ni upana kati ya reli mbili, na yako ni milimita 16.5. Kwa skeli ya moja kwa 87, yaani kitu kimepunguzwa mara 87, hiyo ni sawa na milimita 1435, geji ya SGR, reli mpya ya umeme, na ya Ulaya. TAZARA ni 1067. Sijasema uongo hata neno moja. Na mahali penyewe ni Uyole jamani, sehemu ya juu kabisa ya reli nzima toka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, mita 1,789 na ushee, mwananchi anashuka kwenye daladala anakuja mezani anaoneshwa treni ya Kiingereza. Watoto wataijua lini reli yao? Wale wa Iringa waliokuwa wanapiga makofi siwalaumu, kwao treni haijawahi kufika, ukiwapa chochote chenye magurudumu na reli wanashangilia.

Mhehe wa Kihesa
Kamwene wote. Nilikuwa napita tu ila hiyo sentensi ya mwisho sipiti nayo. Nani kakwambia treni haijawahi kufika Iringa? Makambako ilikuwa mkoa gani? Reli imekabidhiwa 1974, Makambako ikiwa Iringa, na imebaki Iringa miaka na miaka mpaka walipokata mkoa wa Njombe. Baba yangu mdogo alikuwa anapanda treni Makambako na kitambulisho chake kimeandikwa Mkoa wa Iringa. Omba radhi.

Mtoto wa Stesheni
1976 mkuu siyo 1974. Kazi ilianza 1970, reli yenyewe ikakamilika 1975, makabidhiano 1976 mwezi wa saba. Mzee wangu alikuwa karakana ya vichwa hapa Mbeya, tarehe hizo tulikariri kama sala.

Mhehe wa Kihesa
Sawa 1976, asante kwa kunirekebisha kwa adabu. Inakuwa hata zaidi, 1976 mpaka 2012 ni miaka 36 Iringa ina reli.

Geji1067
Makambako ni Njombe. Angalia ramani ya leo.

Mhehe wa Kihesa
Na Tunduma ni Songwe toka 2016, lakini nyie Mbeya mpaka kesho mnasema "reli yetu inatoka Makambako mpaka mpakani". Ukitumia ramani ya leo kwangu itumie na kwako.

Mlango wa Zambia
Sisi Tunduma mtuache kwenye ugomvi wenu tafadhali

Dada Gangilonga
Naomba nirudi kwenye meza maana nilikuwepo siku ile. Kaka Fundi pole, niliona uso wako. Lakini mimi naomba niseme kinachoniudhi mimi na wala siyo kalipa. Ni mkono wa mtu mzima. Mtoto ukimwambia usiguse anarudisha mikono nyuma, anasimama hivyohivyo dakika kumi, anahema juu ya reli tu. Baba zima linakuja limetoka kula mishkaki, linanyanyua kichwa cha treni kwa vidole vya mafuta, linageuza chini juu, "hiki kinatumia betri?" halafu linakirudisha magurudumu yako nje ya reli na kuondoka. Siku ile nilifuta reli kwa spiriti na kitambaa mara nne, treni inakwenda hatua mbili inasimama, mafuta na vumbi la Agosti. Na usilogwe ukatumia msasa, unaacha mikwaruzo na vumbi linakaa humohumo, reli inachafuka haraka kuliko mwanzo.

Kijana Soweto
Umesahau wanaosema "mtu mzima unachezea midoli". Mjomba wa mke wangu alisema hivyo sebuleni kwangu, kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu. Yeye Jumapili nzima yuko kwenye drafti chini ya mwembe na hakuna anayemuuliza kitu. Mimi nikikaa nalehemu waya nimekuwa mtoto.

Geji1067
Dada Gangilonga hilo la mikono nakuunga mkono. Ila Fundi aliniandika kama mtu mbaya na watu wamempa likes sitini, hakuna aliyejibu hesabu yangu.

Reli na Kokoto
Najibu mimi hesabu yako, kwa heshima tu bro. Unampima Fundi milimita, haya tupime na kona. Tuchukue kona kali kwenye reli ya kweli, sema nusu kipenyo mita 200. Gawa kwa 87, unapata mita 2 na sentimita 30. Yaani duara zima lingehitaji chumba cha karibu mita tano. Wewe nyumbani kona zako nimeziona, ni sentimita 43 na kitu, zile za kununua. Kwa hiyo treni yako nayo inapinda mahali ambapo treni ya kweli ingeanguka. Nimekuonesha kosa lako mbele za watu? Nimekula pilau kwako nikasifia. Waingereza wenyewe wamefanya hivyo miaka yote, wanajenga treni kwa moja kwa 76 wanaiweka kwenye reli hiyohiyo ya 16.5 iliyotakiwa kuwa 18.83, na maduka yao yanauza hivyo mpaka leo na hobi haijafa. Kila mmoja wetu ana sehemu aliyopunguza. Tofauti ni kwamba ya Fundi ilipimwa mchana kweupe kwa spika.

Geji1067
Pilau usiiingize humu. Na sikutumia spika.

Mhehe wa Kihesa
Sauti yako haihitaji spika. Radhi ya Iringa bado nasubiri.

Mtoto wa Stesheni
Jamani mimi niwaeleze kitu halafu muendelee. Kaka yangu tukiwa wadogo alitengeneza TAZARA ya waya. Fremu waya wa uzio, magurudumu amekata kwenye soli ya ndala kwa wembe, kila gurudumu amelizungusha kwenye saruji ya baraza mpaka likawa duara, mabehewa maboksi ya sabuni manane yameungana kwa pini. Haikuwa na reli kabisa, ilikuwa inavutwa kwa kamba kwenye njia ya vumbi nyuma ya nyumba za reli. Mzee akirudi zamu, na ovaroli yake inanuka dizeli, anachuchumaa anaikagua. Hakuwahi kusema geji siyo. Alisema tu "hili la nne mmelifunga vibaya, likikatika mlimani mtapoteza mabehewa yote ya nyuma". Tukafunga upya. Alikuwa anaijua reli ile kuliko sisi wote humu, vichwa vya mwanzo vya Kichina na vile vya dizeli aina ya U30C vilivyokuja baadaye alikuwa anavitambua kwa mlio akiwa kitandani. Na alichokagua ni kama treni itafika.

Fundi wa Mwanjelwa
Hii imenitoa machozi sidanganyi.

Kijana Soweto
Nyumba za reli zipi, zile za kule Iyunga? Shangazi alikaa kule

Mtoto wa Stesheni
Hizohizo.

Geji1067
Nimesoma hii habari ya mzee mara mbili. Na mimi niseme ukweli wangu maana naonekana napenda kuaibisha watu. Mimi nimetafuta kichwa cha TAZARA cha kununua miaka kumi na moja. Duka lolote, nchi yoyote. Vya Kijerumani vimejaa, vya Kimarekani vimejaa, vya Kijapani vimejaa, cha kwetu sijakiona. Kimoja nilichoagiza cha Kimarekani ili nikibadilishe mwili, kampuni ya mizigo ilinifikishia kikiwa vipande viwili na hakuna aliyelipa. Ninachoogopa ni kwamba tusipokitengeneza sisi hapahapa hakuna mtu duniani atakitengeneza, na siku njia ile ikibadilika vile vichwa vya zamani vitakatwa chuma chakavu na mtoto hataona hata mfano wake. Ndiyo maana nikiona meza ya Uyole na treni ya Kiingereza damu inachemka. Lakini mtoto yule aliposema treni ya uongo nilimsikia. Nilikuwa nimesimama pale. Hilo nilikosea, Fundi.

Fundi wa Mwanjelwa
Haya maneno ungeyasema pale mezani mbele ya watoto tungekuwa ndugu toka Agosti. Nimekusikia. Ila sitatupa kichwa changu cha mvuke, kimenilisha furaha.

Geji1067
Usikitupe. Na reli yako usiing'oe, hilo ndilo nililotaka kusema nikaanzia mwisho. Ukijenga kwa moja kwa 64 badala ya 87, ile 1067 inakuwa milimita 16.7, yaani reli yako hiyohiyo inakuwa TAZARA bila kugusa msumari. Kinachobadilika ni miili tu. Nina mchoro wa behewa, kadibodi ngumu na vijiti vya kuchokolea meno kwenye madirisha.

Reli na Kokoto
Behewa la mita 20 kwa skeli hiyo ni sentimita 31. Kwenye kona ya 43 tumbo linaingia ndani na ncha zake zinatoka nje, litakwangua kile kituo cha maboksi ya viatu.

Fundi wa Mwanjelwa
Kituo nakisogeza. Hicho ni gundi tu.

Dada Gangilonga
Na mtu wa kuzuia mikono ya wababa atakuwa nani? Sirudii kufuta reli mara nne peke yangu. Kioo au kamba, muamue sasa siyo Agosti.

Kijana Soweto
Kamba inatosha dada. Kioo nani atalipa

Mhehe wa Kihesa
Mimi nalipa nusu ya kioo. Lakini kile kituo kikisogezwa kipakwe rangi upya na kiandikwe MAKAMBAKO kwa herufi kubwa, na chini yake IRINGA 1976–2012.

Geji1067
Mhehe, radhi. Nakiandika mwenyewe.