Naomba ushauri: foronya naziweza, blauzi inanishinda

Habari zenu wakuu. Nina miezi 3 najifunza kushona mwenyewe nyumbani. Foronya, mapazia na vitambaa vya meza sasa vinatoka vizuri, pindo limenyooka kabisa. Tabu ni nguo. Juzi nimeshona blauzi ya kitambaa kinachovutika; cherehani ikawa inaruka mishono, na uzi kwa chini umejisokota kama nywele zisizochanwa. Sindano ni namba 14, ileile ya mapazia. Nikaze uzi wa juu au nibadilishe sindano kwanza?

Halafu mkono: nikiupachika unabaki na mikunjo begani. Nimeufumua mara 4, kitambaa kimeanza kuchoka (na mimi pia). Mafundi, nyie huwa mnaanzia wapi, begani au kwapani?