Mgongo unaniua, daktari ananipa HONGERA!

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kliniki sasa hivi na naandika nimesimama maana kukaa siwezi. Yule daktari wa migongo wa hapa Moshi, yule yule, mnamjua, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, leo kanipa HONGERA.

Naingia nimejipinda, nimeshika ukuta. Namwambia dokta, mgongo bado. Hata kunitazama hakunitazama. Kainua picha dirishani, kaikodolea macho wee. "Pingili ya nne na ya tano safi kabisa. Hongera!" Wanafunzi wake nyuma wanatikisa vichwa. Mmoja nusura apige makofi.

Hongera ya nini? Nimejifungua? Hiyo picha ndiyo itapalilia migomba Kibosho?

Kabla ya kunipasua alisema nitarudi shamba. Nikajua nitainama, nitabeba debe la mahindi. Leo soksi navalishwa na mjukuu, na anadai shilingi 500 kila mguu. Halafu mtu ananiambia hongera! Na alitabasamu, wakuu. ALITABASAMU.

Mangi Kiboriloni: Hongera mkuu.

Mama Mtori: Mtoto gani, wa kike au wa kiume? 😂

Mleta uzi: Endeleeni tu. Siku yenu inakuja.

Nesi Mstaafu: Pole baba. Ule mguu uliokuwa unawaka moto hadi kidoleni, bado?

Mleta uzi: Mguu umetulia. Siongelei mguu, naongelea HONGERA.

Nesi Mstaafu: Sasa si ndiyo kazi ya ile operesheni? Diski, ule mto laini kati ya pingili, ikibana mshipa wa fahamu wanatoa kipande kinachobana. Mguu ndio hupata nafuu zaidi, maumivu ya mgongo wenyewe hayana uhakika. Ganzi ya mguu nayo huchelewa kuisha, mshipa ulioumia huota kama milimita 1 kwa siku. Walipaswa kukueleza kabla hujasaini.

Mleta uzi: Karatasi nililetewa nimeshavalishwa lile gauni la wazi nyuma. Nani anasoma matako yakiwa nje?

Mzee wa Sakina: Milimita 1? Ganzi ikitoka Moshi leo, hata Boma Ng'ombe hatutaiona tukiwa hai 😂😂

Mangi Kiboriloni: Bora wewe ulipewa hongera. Mimi nilienda na jino, nikaambiwa nipunguze kitambi.

Dada wa Njiro: Migongo yetu inamalizwa na daladala. Kiti cha watatu tunakaa watano, na konda bado anasema "sogea hapo mama".

Mzee wa Sakina: Na chenji harudishi.

Dada wa Njiro: Chenji ndiyo usiniguse! Jana kaniachia mia mbili ya pipi.

Mama Mtori: Samahani nje ya mada, nani anauza godoro gumu Arusha?

Kijana wa Ngaramtoni: Lipo, inchi 8, halijatumika.

Mama Mtori: Bei?

Kijana wa Ngaramtoni: Njoo PM.

Dada wa Njiro: Hawa wa "bei njoo PM" ndio wa kufungiwa humu!

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu.

Mangi Kiboriloni: Mkuu, hongera kwa uzi.