Riwaya uliyoipenda ikagawanywa kuwa muvi mbili au tatu, ulijisikiaje? Tupeane uzoefu

#1, mleta mada

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa sisi tuliosoma riwaya za fantasia tukazipenda kiasi kwamba ukiamshwa usiku wa manane unaweza kusimulia nani alimwambia nani nini, halafu unasikia inatengenezwa muvi, na sio moja, ni mbili au tatu. Wapo wanaosema ni hela tu inatafutwa, wapo wanaosema kitabu hakiwezi kuenea kwenye masaa mawili. Maoni ya jumla tumeshayasikia sana, mi nataka uzoefu: ulikaa ukaangalia, ikawaje.

Naanza na cha kwangu, The Hobbit, hadithi ya Bilbo, mtu mdogo anayesafiri na vibete kwenda kuikomboa hazina yao kutoka kwa joka. Tolkien alikitoa 1937, kitabu kimoja, kimeandikwa kwa ajili ya watoto, kurasa kama mia tatu hivi. Mwanzoni tukaambiwa zinakuja muvi mbili, sawa, nikasema hapo panaeleweka, wamalize ya kwanza kwenye mapipa mtoni, ya pili iende kwenye joka na vita. Julai 2012, ya kwanza imebakiza miezi tu itoke, dairekta Peter Jackson akatangaza zinakuwa tatu. Zikatoka 2012, 2013 na 2014, ukizijumlisha ni karibu masaa manane.

Ya kwanza niliipenda na bado naipenda. Ile jioni vibete wanaingia kwa Bilbo mmoja mmoja, wanamaliza chakula chote stoo, wanarushiana sahani, halafu taa inafifia na Thorin, kiongozi wao, anaanza kuimba ule wimbo wa milima kwa sauti nzito wengine wanaitikia, aisee, nilikuwa nimeusoma ule ukurasa miaka mingi na nikauona vilevile. Ule mwendo wa taratibu ndo faida ya kuwa na muda. Lakini ya tatu Bilbo nilikuwa namtafuta, yaani mtu mwenye hadithi yake amekuwa mgeni kwenye hadithi yake. Msimamo wangu ndo huo, kugawa riwaya sio tatizo, tatizo ni ule muda ulioongezeka umepewa nani. Karibuni.

#2

Mi nilipita njia ya kinyume, muvi kwanza kitabu baadaye. Sasa muvi ya tatu karibu yote ni vita, so nasoma kitabu nasubiria vita, nafika pale, nimejiweka sawa kabisa, Bilbo anapigwa na jiwe kichwani anazimia, anaamka vita imeisha!! Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka kurasa. Baadae anasimuliwa tu nini kilitokea. Kwenye muvi pia anazimia ila kule kuzimia hakuzuii chochote, vita inaendelea bila yeye sisi tunaangalia. Hapo ndo nikaelewa tofauti, kitabu kinaona kile Bilbo anachokiona, muvi inaona kila kitu. Na ukishaamua kuona kila kitu lazima masaa yaongezeke, hamna namna.

#3

Kazi yangu ni kuediti video na hii mada inanigusa haswa. Kuna watu wengi walichukua zile muvi tatu za Hobbit wakazikata wao wenyewe ziwe moja ya masaa manne hivi, nami nikajaribu ya kwangu, ya kuangalia nyumbani. Niwaambie nilichokutana nacho maana ukiwa na mkasi mkononi ndo unaona riwaya imekaaje ndani ya muvi.

Vitu vingine vinatoka bila shida. Mchawi Gandalf kwenda kule ngomeni kupambana na yule adui wa gizani, kwenye kitabu anaondoka tu na anarudi, unasikia juu juu alikuwa wapi, kwahiyo ukikata hadithi haidai. Azog, yule adui wa vibete, mweupe mwenye mkono wa chuma, kwenye kitabu alishakufa zamani, anayekuja vitani ni Bolg mtoto wake. Kumtoa Azog ni kazi lakini inawezekana.

Palipokataa ni mapipani. Kitabuni mapipa yamefungwa, vibete wamo ndani hawaoni kitu, Bilbo amevaa pete haonekani, yuko juu ya pipa analishikilia lisimpindue, maji baridi, usiku, hamna vita yoyote, na ni hatari tupu. Muvi imefungua mapipa na kuweka mapigano mto mzima. Sasa nikasema nakata mapigano. Lakini humo humo kibete Kili anachomwa mshale wenye sumu, kwa sababu ya ule mshale anabaki mjini kwa watu wa ziwa, na Fili na Oin na Bofur wanabaki nae. Ukitoa mshale basi vibete wanne wanapotea hujui wako wapi mpaka joka linakuja kuchoma mji. Nikirudisha mshale inabidi nimrudishe Tauriel, yule dada wa ki-elf, wa kumtibu, nikimrudisha Tauriel anakuja na mapenzi yake na Kili, nikirudisha mapenzi inabidi nirudishe na kifo cha Kili kule juu. Ni kama kuvuta uzi mmoja kwenye sweta. Nikabaki nao. Na muziki ndo usiseme, unakata picha saundi inakatika katikati ya noti, mtu yeyote anasikia.

Nilichojifunza ni kwamba vile vilivyoongezwa havikubandikwa pembeni, walivifuma ndani kwa makusudi ili muvi ya pili iwe na mwanzo na mwisho wake. Kwa hilo nawapa heshima hata kama sikupenda walichokifuma.

#4

Naomba nimtetee Tauriel. Nimesoma The Hobbit nikiwa msichana mdogo na nilikipenda mno, ila ni kitabu ambacho huoni mwanamke anatembea humo, mama yake Bilbo anatajwa jina basi. Alivyotokea yule dada na upinde wake mi nilikaa wima kwenye kiti. Hakuwepo kwenye riwaya, sawa, lakini nafasi ilikuwepo. Kilichoniudhi ni kile cha kugombaniwa na wanaume wawili. Mwenyewe Evangeline Lilly aliyemwigiza amesema aliomba toka mwanzo kusiwe na mambo hayo, na walipoitwa kurudia kupiga picha baadhi ya vipande ndo yakaingizwa. Hiyo inaniuma kuliko kurefushwa. Walikuwa na masaa manane, wangempa hata nusu saa ya mambo yake mwenyewe.

#5

Hapa wote mnaongelea Hobbit, ngoja nilete The Lord of the Rings maana ndo mfano wa kugawa nilioukubali. Watu wanadhani ni vitabu vitatu. Tolkien aliandika hadithi moja ndefu, mchapishaji ndo akaigawa juzuu tatu, mbili 1954 na ya mwisho 1955, kwa sababu baada ya vita karatasi ilikuwa ghali na hawakuwa na uhakika kama itauzika. Kwahiyo ile migawanyo yenyewe ni ya gharama za kuchapa.

Angalia sasa kina Jackson walifanya nini. Kifo cha Boromir, mmoja wa wasafiri wenzake Frodo mwenye pete, kwenye kitabu kipo sura ya kwanza ya juzuu ya pili. Wao wakakivuta nyuma kikawa mwisho wa muvi ya kwanza. Nilivyoangalia mara ya kwanza nilikuwa najua kabisa kwamba "bado, hicho ni cha kitabu kijacho", halafu mishale inaanza kuingia, mmoja, wa pili, bado anasimama na wale wadogo wawili wako nyuma yake, nikashindwa kujizuia. Muvi ikapata mwisho wake kamili, unatoka umefiwa lakini umeshiba. Shelob yule buibui yeye wakamsogeza mbele, juzuu ya pili inaishia nae, muvi wakampeleka ya tatu. Na juzuu ya pili Tolkien anawamaliza kina Aragorn wote kwanza nusu nzima ndo anarudi kwa Frodo na Sam, kwenye muvi ukifanya hivyo watu watasahau Frodo yuko wapi, wakachanganya.

Mi nasema mtu anayejua kugawa hakati pale kitabu kilipokatwa, anatafuta pale hadithi inapovuta pumzi.

#1, mleta mada

Mkuu #5 umegusa penyewe. Linganisha na Hobbit ya pili, joka limetoka linaruka kwenda kuchoma mji, Bilbo anasema tumefanya nini, giza, kwisha. Mwaka mzima unasubiri, halafu ya tatu inaanza na joka linakufa ndani ya dakika chache za mwanzo. Ile ni sini ya kufungia muvi, imekuwa ya kufungulia, na joka lenyewe ndo safari nzima ilikuwa inaliendea. Hapo ndo unaona kovu la mbili kugeuzwa tatu.

Na niongeze, Lord of the Rings walijiandaa miaka ndo wakaanza kupiga picha, zote tatu kwa mpigo kuanzia Oktoba 1999. Hobbit Guillermo del Toro ndo alikuwa dairekta, akaondoka 2010, Jackson akaingia na hakupewa muda wa kuanza upya, ameeleza mwenyewe kwenye video za nyuma ya pazia kwamba siku nyingine alikuwa anafika bila kujua sini itakwendaje. Tukilaumu tukumbuke na hilo.

#6

Nyie mnalalamikia kurefushwa, sisi wengine tuliachwa barabarani. The Golden Compass ya 2007. Kitabu kinaishia kubaya sana, kuna mtoto na kuna usaliti, sitasema zaidi kwa ambao hawajasoma, ndo mwisho unaokufanya ufunge kitabu ukae kimya. Muvi ikasimama kabla ya hapo, Lyra, yule msichana mwenye hadithi, yuko angani anasafiri na marafiki zake, matumaini kibao, kwamba zile sura za mwisho zitafungua muvi ijayo. Muvi ijayo haikutengenezwa. Nimekaa na ule mwisho usio mwisho mpaka 2019 walipoanza upya kama tamthilia ya tv. Na sio wa kwanza, Lord of the Rings ile ya katuni ya Ralph Bakshi, 1978, inafika kama katikati ya hadithi inaishia, sehemu ya pili hakuwahi kupewa aitengeneze.

Ndo maana mi napenda zipigwe picha zote kabla ya kutoa ya kwanza. Ukikata hadithi ya mtu katikati umemwahidi.

#7

Kwangu ni Harry Potter, kile cha mwisho, Deathly Hallows. Muvi yake sehemu ya kwanza ilitoka Novemba 2010, ya pili Julai 2011. Niliangalia na binti yangu ambaye alikuwa hajafika kwenye kitabu hicho, nikawa namtazama yeye kuliko muvi. Watu wengi walisema sehemu ya kwanza inachosha, Harry, Ron na Hermione wako kwenye hema porini hamna kinachotokea. Mi nasema lile hema ndo kitabu chenyewe. Nilivyosoma nilichoka nao, nikaona baridi nao, nikakasirika Ron alivyoondoka. Ingekuwa muvi moja lile hema lingepewa dakika tano. Kuna pale Harry anamshika Hermione mkono wanacheza muziki wa redio, haimo kwenye kitabu kabisa, na ni kitu ambacho nakikumbuka zaidi kwenye sehemu ile. Binti aliniuliza "mbona hawaongei?" nikamwambia subiri. Kisha Dobby, yule kiumbe mdogo rafiki yao, akafa. Binti hakuongea tena.

Wamekata baada ya kumzika Dobby, na adui yao Voldemort anachukua ile fimbo ya uchawi kaburini. Kwangu mimi pale panatosha, kimoja kimefungwa na kingine kimefunguliwa.

#8

#7 nakubaliana na wewe na nalileta hilo hilo kwenye Hobbit, ile sura ya tano, Bilbo na Gollum, yule kiumbe wa pangoni, wanategana vitendawili gizani. Kwenye muvi wameiacha ichukue muda wake, watu wawili tu na jiwe na maji, waigizaji Martin Freeman na Andy Serkis. Gollum akikosa jibu unaona njaa usoni, akipata anafurahi kama mtoto, na Bilbo anafikiri huku anarudi nyuma hatua moja moja. Hakuna kikubwa kilichoongezwa pale. Kama muvi tatu zote zingekuwa na moyo ule hakuna mtu angeuliza kwanini tatu.

#3

Hiyo sini mimi sikuigusa hata fremu moja.

#9

Naona wote mmesahau kitu kimoja ambacho kwangu ndo kikubwa. Jina la pili la kile kitabu ni kwenda na kurudi. Tolkien ametoa karibu sura mbili za mwisho kwa ajili ya kurudi. Bilbo anakaa kwa Beorn msimu wa baridi unapita, anapumzika kwa Elrond, wanafukua ile dhahabu waliyoificha ya yale majitu yaliyogeuka mawe, anaona kilima chake kwa mbali. Nikiwa nasoma, pale ndo machozi yalikuwa yanatoka, sio vitani. Muvi tatu, karibu masaa manane, na kurudi kumepewa dakika chache, anaagana na Gandalf pale njiani, tayari yuko kwenye mnada watu wanabeba viti vyake na vijiko. Muda wa mbuzi wa vitani ulikuwepo, wa kumrudisha mtu nyumbani taratibu haukuwepo. Mimi wangezifanya hata nne nisingelalamika kama ya nne ingekuwa ni yeye na Gandalf na farasi wanarudi tu.

#1, mleta mada

#9 hilo sikuwa nimeliona hivyo na nalikubali lote. Kuna watu wanasema hakuna dairekta anaweza kuuza nusu saa ya mtu anarudi nyumbani, lakini Lord of the Rings ya tatu ilikaa muda mrefu kwenye kurudi na kuagana, wengine wakalalamika miisho imezidi, na ikachukua Oscar 11. Kwahiyo watu walikaa.

Walioangalia Wicked zote mbili, ya 2024 na ya 2025, mje na nyie, hasa mliosoma riwaya ya Gregory Maguire na sio tamthilia ya jukwaani tu. Nataka kujua kama mlimwona Elphaba, yule mchawi wa kijani, wa kwenye kitabu humo ndani au ni wa jukwaani peke yake.