Feri ya siku moja kutoka St. Martin: Anguilla, Saint-Barth au Saba?

MamaWawili_Toronto

Wadau, habari za leo. Februari tunaenda St. Martin, kisiwa cha Karibi chenye upande wa Kiholanzi na wa Kifaransa, wiki nzima, na tumepanga nyumba upande wa Kiholanzi, Philipsburg. Tuko watano: mimi na baba watoto, watoto wawili (miaka 6 na 11), na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tunataka siku moja tuvuke asubuhi kwenda kisiwa cha jirani, turudi jioni. Kila ninapouliza natajiwa visiwa vitatu: Anguilla, Saint-Barth na Saba. Baba watoto anataka Saba kwa ajili ya mlima. Watoto wanataka kuogelea. Mama mkwe anataka kivuli, upepo na samaki. Mliowahi kuvuka, mngechagua kipi kwa familia kama hii? Mama mkwe ana pasipoti ya Tanzania na ukaazi wa kudumu wa Kanada, sisi wengine pasipoti zetu ni za Kanada.

Nahodha_Tanga

Dada, picha za fukwe ziweke kando kwanza, tazama ramani na upepo.

Upepo wa kule unatoka mashariki karibu mwaka mzima, na kuanzia Desemba hadi Februari unakaza. Wenyeji wanauita upepo wa Krismasi. Mwezi mnaoenda nyinyi umo humo humo. Sasa angalia kila kisiwa kilipo. Anguilla iko kaskazini. Kutoka Marigot, upande wa Kifaransa, hadi Blowing Point, bandari ya Anguilla, ni kama dakika 25. Wimbi linakuja ubavuni, ila tumbo halijaanza kulalamika mmeshafunga gati. Saint-Barth iko kusini mashariki, kwa hiyo wakati wa kwenda boti inapasua mawimbi uso kwa uso, kama dakika 45 ukitokea Philipsburg, karibu saa nzima ukitokea Marigot. Kurudi ni afadhali, maana bahari inawasukuma kutoka nyuma. Saba iko kusini magharibi, zaidi ya saa moja, maji wazi kabisa na wimbi la ubavuni mwanzo hadi mwisho. Boti inalala huku na huku.

Aliyewahi kuvuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba wakati wa kusi anajua ninachosema. Mtoto wa miaka 6 na mtu mzima mwenye magoti mabovu ningewapeleka Anguilla bila kufikiri mara mbili.

Bint_Mombasa

Naunga mkono Anguilla, na nitakueleza siku inavyokwenda ili mpange vizuri.

Feri za umma za Marigot zinakwenda na kurudi siku nzima. Hilo peke yake ni faida kubwa ukiwa na watoto: mkichelewa moja mnapanda inayofuata, na mtoto akichoka mnarudi mapema. Saint-Barth na Saba mmefungwa na saa ya boti. Nauli ya Anguilla pia ndiyo ya chini kati ya zote tatu. Uliza tu kodi ya kuondoka, kwa sababu inalipwa mbali na nauli na inatozwa pande zote mbili, kisha zidisha mara watano. Pasipoti zinakaguliwa kwenda na kurudi, kwa hiyo fikeni gatini mapema. Kutoka Philipsburg kuna foleni nzito ya asubuhi pale Cole Bay, ondokeni kabla haijashika.

Kule Blowing Point teksi zinawasubiri nje na bei zake zimepangwa kwa maeneo, hakuna kuvutana. Mwambie dereva awapeleke Rendezvous Bay. Ni karibu na gati, iko upande wa kusini, mchanga mrefu na maji ya kina kifupi, mtoto wa miaka 6 atacheza bila kukutia roho juu. Shoal Bay East ndiyo maarufu zaidi, na kweli ni nzuri mno, ila ni mbali kidogo. Meads Bay nayo maji yake huchafuka siku nyingine, na wimbi la ufukweni linavuta. Mavyaa wako mtafutie kiti chini ya mwavuli kwenye mgahawa wa ufukweni, aagize samaki wa kuchoma au kamba wa kule, atawashukuru hadi mrudi Toronto.

Mkitaka kukodi gari, Anguilla wanaendesha kushoto kama kwetu, wakati St. Martin ni kulia. Mnakata kibali cha muda cha udereva pale pale mnapochukua gari.

PapaGoma

Mama, salamu kutoka Lyon. Watu wanasema Saint-Barth ni ya matajiri tu, na mimi sikubaliani nao. Ukishuka Gustavia huhitaji gari wala teksi. Bandari iko katikati ya mji. Kwa miguu, dakika chache, umefika Shell Beach, ufukwe uliojaa kombe ndogo ndogo, na watoto wanaweza kushinda hapo wakiokota. Ukitaka kula bila kuumia, nunua mkate, jibini na matunda dukani, kaa chini ya mti.

Na mji wenyewe una historia ya pekee. Ufaransa iliwapa Waswidi kisiwa hicho mwaka 1784, nao wakakishika hadi 1878. Ndiyo maana mji unaitwa Gustavia, jina la mfalme Gustav wa Tatu. Hadi leo mnara wa kengele wa Waswidi umesimama, na majina ya mitaa yameandikwa kwa Kiswidi pia. Mtoto wa miaka 11 anaelewa hayo akielezwa vizuri.

Lakini Nahodha amesema kweli juu ya bahari. Wakati wa kwenda niliona watu wazima wameshika mifuko.

Rotterdam_Msafiri

Naandika kwa ajili ya baba watoto, kwa sababu naona mlima unasahaulika hapa.

Saba ni kisiwa cha kilomita za mraba 13, kilele cha volkano kilichotoka baharini. Mount Scenery ina takribani mita 870 na ndiyo sehemu ya juu kuliko zote katika Ufalme wote wa Uholanzi. Kutoka kijiji cha Windwardside unapanda ngazi 1,064 za mawe, na kadiri unavyopanda msitu unabadilika: kwanza migomba pori na mashina makubwa, halafu ukungu, halafu miti mifupi iliyofunikwa kuvumwani. Juu kabisa mara nyingi ni wingu tupu. Likifunguka dakika mbili unaona visiwa vya jirani vimekaa baharini.

Kitu kingine kilichonishika ni barabara. Wahandisi waliotoka Uholanzi walisema miteremko ile haijengeki barabara. Mzaliwa wa kisiwa, Josephus Lambert Hassell, akasoma uhandisi kwa njia ya posta, na kazi ikaanza mwaka 1938 kwa mikono ya wananchi wenyewe. Ukipanda teksi kutoka bandari ya Fort Bay, kila kona unayopita ni kazi yao. Mimi nilimwomba dereva asimamishe gari nitazame tu.

Kwa familia nzima, hapana. Saba haina ufukwe wa kudumu wa mchanga, na mwenye magoti mabovu atakaa kijijini siku nzima. Boti ya Makana kutoka Philipsburg haiendi kila siku, na nauli ya kwenda na kurudi ni kama dola mia moja au zaidi kwa mtu. Aende baba peke yake. Akipanda kilele, viatu viwe vya kushika, ngazi zinateleza.

MamaWawili_Toronto

Asanteni sana, mmenifungua macho. Maswali mawili. Mama mkwe na pasipoti yake ya Tanzania inakuwaje visiwa hivi vyote? Na je, zile boti za kasi za karibu na uwanja wa ndege, au katamarani za matembezi, ni bora kuliko feri ya Marigot?

Wakili_wa_Dar

Dada, hili la pasipoti lichukulie kwa uzito kuliko wimbi.

St. Martin yenyewe ni nchi mbili kwenye kisiwa kimoja tangu mkataba wa 1648, na barabarani hakuna anayekusimamisha mpakani. Hiyo inawadanganya watu. Ukipanda boti, kila kisiwa kina mlango wake. Anguilla ni eneo la Uingereza la ng'ambo, ina masharti yake ya kuingia. Saint-Barth ni ya Ufaransa lakini iko nje ya eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zenye visa moja, kwa hiyo usidhani visa ya Schengen inatosha. Saba ndiyo rahisi kwa karatasi, kwa sababu visa ya visiwa vya Kiholanzi vya Karibi ni moja: mama akiingia Philipsburg kwa visa hiyo, inamfaa Saba pia.

Jambo wanalosahau wengi ni kurudi. Akienda Anguilla ametoka, akirudi anaingia upya. Kama atasafiri kwa visa, iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Kama anategemea kadi yake ya ukaazi wa Kanada, andikeni barua pepe idara ya uhamiaji ya Anguilla sasa hivi, mpate jibu la maandishi, mlichapishe, abebe pamoja na kadi halisi. Mzee asisimamishwe dirishani mbele ya wajukuu kwa kukosa karatasi.

Bint_Mombasa

Hapo Wakili amenena.

Kuhusu boti: zile ndogo za karibu na uwanja wa ndege ni ghali zaidi, zinakwenda kwa saa maalumu, na zinawafaa wanaoshuka kwenye ndege na mizigo kwenda Anguilla moja kwa moja. Katamarani ya matembezi ni siku nzuri sana kwa wanaopenda maji, chakula kimo, mnazamia na kuona samaki, ila mama atakaa juu ya maji karibu siku nzima, kupanda na kushuka kwa ngazi ya boti. Kwa magoti yale, feri ya kawaida.

Nahodha_Tanga

Naongeza dogo. Kaeni nyuma, sitaha ya chini, mtazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, watoto wasishike simu. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kupanda, ukishaanza kutapika haisaidii, na ya mtoto muulize daktari kipimo.

Na siku mkirudi kule mwezi wa Mei, Mei 30 ni Siku ya Anguilla, kumbukumbu ya 1967 walipowafukuza kisiwani kwao polisi wa St. Kitts, kisiwa cha jirani walichokuwa wameunganishwa nacho kiutawala. Siku hiyo kuna mashindano ya mashua za tanga kuzunguka kisiwa kizima. Ni mashua za mbao zisizo na sitaha, zinaundwa pale pale, na ndio mchezo wa taifa. Watu wanazifuata kwa magari ufukweni wakipiga kelele. Kwa mtu wa pwani ni raha isiyo na mfano.

MamaWawili_Toronto

Basi tumekubaliana nyumbani: Anguilla familia nzima, Rendezvous Bay, na barua ya uhamiaji naandika leo. Baba watoto ataenda Saba peke yake siku nyingine, sisi tubaki ufukweni Philipsburg.

Rotterdam_Msafiri

Vizuri sana. Mkatie tiketi mapema, na iwe mwanzo wa wiki yenu. Upepo ukizuia boti, bado atakuwa na siku nyingine ya kujaribu kabla hamjapanda ndege.