Mrejesho: Ile pikipiki ya safari ndefu niliichukua

Wakuu, salaam. Miezi 8 iliyopita niliuliza kama ni busara kumaliza akiba yote kwenye pikipiki kubwa ya safari iliyotumika, cc 1300. Wengi mlinionya nibakize robo ya hela pembeni. Nilibakiza, na bado haikutosha.

Tairi ndizo zilizonivua nguo. Kwa macho zilikuwa nzima kabisa, wala si vipara. Nikapiga magoti na tochi, nikasoma tarakimu 4 za mwisho pale penye alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 1914, yaani zilitengenezwa wiki ya 19 ya mwaka 2014. Nikabonyeza kwa ukucha, mpira mgumu kama kwato. Zote mbili nikatupa, na hapo nilishalipa bei ya "haina tatizo".

Kilichouma zaidi ni ufundi. Kupima nafasi za vali (ule upenyo mdogo unaoachwa kwenye vali za injini) si kazi kubwa, ila kuzifikia lazima uvue maplastiki yote, na saa za fundi zinahesabika kuanzia skrubu ya kwanza. Skrubu zenyewe nilizihesabu kwenye sinia: 31. Siku hizi navua mwenyewe nyumbani, fundi nampelekea mifupa mitupu.

Mafuta inakunywa kama lita 6 kwa kilomita 100, nilihofia zaidi. Shafti nayo (mhimili unaozungusha gurudumu la nyuma) raha tupu, hakuna cheni ya kupaka grisi wala kukaza.

Boksi la mizigo la upande wa kushoto bado halifunguki. Mwenye ujuzi wa vitasa aniambie, funguo ninayo lakini haizunguki.