Mwalimu wa kayaki za baharini anajifunzaje kutokana na uzoefu wake mwenyewe?

kafi_mbili:
Habari zenu wakuu. Nafundisha watu wanaoanza kayaki za baharini, cheti ninacho, kuokoa mtu aliyepinduka najua, na mpaka sasa kila niliyetoka naye amerudi salama na wengi wanaondoka wanacheka. Sasa kinachonisumbua ni hiki, sioni namna ya kujua kama nazidi kuwa mwalimu mzuri au narudia somo lile lile kila wiki. Nikiwauliza wakongwe wananiambia tu "uzoefu utakufundisha", ila hakuna anayesema huo uzoefu unafundishaje hasa.

La pili, wanafunzi wangu kwenye maji matulivu wanapiga kafi vizuri kabisa, kiwiliwili kinazunguka, kayaki inanyooka, halafu upepo ukiamka kidogo tu wanakakamaa na kila kitu kinapotea. Nyie mnafanyaje?

mkondo_wa_nje:
Mkuu swali zuri sana na nitakujibu kwa urefu maana ni jambo ninalolijali.

Kwanza "wote wamerudi salama" usiitegemee kama kipimo. Bahari haikusahihishii kila mara, unaweza kutoka na kundi siku ambayo upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, pale ufukweni maji yametulia kama kioo kwa sababu ardhi imeukinga upepo, mkaenda mkarudi bila shida, na kichwani ukabaki na funzo kwamba siku kama ile inafaa. Kumbe uamuzi ulikuwa mbaya na matokeo yakawa mazuri. Ukirudia hivyo miaka mingi unakuwa mtu anayejiamini bila sababu. Kwa hiyo kitu cha kupima ni uamuzi, kwa yale uliyoyajua wakati unauamua, matokeo yana nafasi yake ila siyo hakimu.

Someni habari ya Lyme Bay, Uingereza, tarehe 22 Machi 1993. Wanafunzi 8 na mwalimu wao wa shule walitoka kwa kayaki na wakufunzi 2 wa kituo cha michezo ya nje. Mwalimu wa shule akapinduka, akapandishwa, akapinduka tena, mkufunzi mmoja akabanwa kumsaidia yeye, na watoto pamoja na mkufunzi wa pili wakawa wameshikana kayaki wakisubiri huku upepo unawasukuma nje, wanazidi kwenda mbali. Vijana 4 walikufa. Fataki za dharura hawakuwa nazo. Na kinachoniuma zaidi, wakufunzi wawili waliokuwa wamefanya kazi kwenye kituo kile walishaandika barua ya kuonya juu ya usalama mwaka 1992. Yani uzoefu ulikuwepo, umeandikwa, umefika kwa wenye mamlaka, haukutumika. Baadaye ndo ikaja kesi, na mwaka 1995 sheria ya kusimamia vituo vya michezo ya vijana.

Kwa mwalimu wa kayaki hapo kuna somo la kila siku: ukiwa unamshughulikia mtu mmoja, wale wengine wako wapi na wanaenda wapi? Kundi lililoshikana limetulia machoni tu, lakini linasafiri na upepo na mkondo. Ukishapanga kabla hujatoka kwamba mtu akipinduka hapa wengine watasogea pale, unakuwa na kitu cha kujilinganisha nacho jioni.

Ndo nakuja kwenye jibu lenyewe. Andika KABLA ya kuingia majini. Mistari michache tu, unategemea upepo utoke wapi na saa ngapi utabadilika, maji yanapwa au yanajaa, nani unadhani atachoka kwanza, na utageuza kundi ukiona nini. Ukirudi linganisha. Ukiandika baada ya safari peke yake utajidanganya bila kujua, maana akili ikishajua ilivyoisha inapanga kumbukumbu zifanane na mwisho. Pale ulipotegemea hivi ikawa vile ndipo pa kujifunzia, kwingine pita.

demani_na_joshi:
Namuunga mkono hapo juu, mimi nigusie hilo la kukakamaa.

Mtu anayekakamaa anaogopa kupinduka, na anaogopa kwa sababu kupinduka bado hajakujua mwilini. Mfundishe kutoka chini ya kayaki mapema, kwanza bila ile sketi inayofunika tundu, halafu akiwa nayo, ainame mbele, ashike kitanzi cha hiyo sketi, avute, asukume atoke. Akishafanya hivyo akatulia utaona hata kiuno kinalegea. Maana kayaki inapotikiswa na wimbi inatakiwa icheze chini ya nyonga na kichwa kibaki juu yake, sasa mwenye kiuno kigumu anageuka kuwa kitu kimoja na kayaki, kayaki ikilala na yeye analala nayo.

Halafu punguza maneno. Upepo wa ubavuni unaifanya kayaki igeuze omo, yaani pua yake ya mbele, kuelekea upepo unakotoka, hilo ukilieleza ufukweni wanaitikia kwa vichwa tu. Wapeleke sehemu yenye upepo unaosukuma kurudi nchi kavu, waache wahangaike kidogo, kisha uliza "imekuvuta upande gani, ulifanya nini?" Anayejibu mwenyewe hasahau. Ukiona mmoja anaegemeza kayaki kidogo na kupiga kafi kwa mzunguko mpana upande wa upepo bila kuambiwa, mwache awaoneshe wenzake.

pezi_la_chini:
Hilo la kupinduka mapema napingana nalo kidogo, inategemea baridi ya maji. Kwenye maji baridi sana kuna kanuni ya 1-10-1 ya profesa Gordon Giesbrecht wa Kanada, dakika 1 ya kudhibiti pumzi, kama dakika 10 za mikono kufanya kazi ya maana, kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Ukimlowesha mtu mwanzoni kwenye maji hayo bila nguo za kufaa, somo lililobaki anatetemeka na hasikii kitu. Mimi naweka mwishoni, au bwawani siku nyingine.

demani_na_joshi:
Sawa, hapo uko sahihi, kwenye baridi nakubali.

mama_wa_kasi:
Nyongeza fupi. Tafuta mwalimu mwenzio akae pembeni akuangalie WEWE, asiangalie wanafunzi. Wapi unasimama, unaongea muda gani, nani hujamtazama kabisa. Daftari haliwezi kukuambia kwamba mgongo wako umemgeukia yule anayebaki nyuma. Na wewe mwenyewe nenda kajifunze kitu usichokiweza, hata kuendesha mtumbwi wa tanga, ukumbuke mtu asiyejua anavyosikia maelekezo kumi kwa mpigo.

kafi_mbili:
Asanteni sana jamani, nimepata zaidi ya nilivyotegemea. Swali moja kwa mkondo_wa_nje, hiyo ya kuandika kabla, je nikiahirisha safari kwa sababu ya upepo halafu upepo usije, hapo naandika nimekosea?

mkondo_wa_nje:
Hapana. Andika ulichoona asubuhi na sababu ya kuahirisha. Kama dalili zilikuwepo uamuzi ni mzuri hata bahari ikalala siku nzima, na wanafunzi uwaambie hivyo hivyo bila kuomba radhi. Ila kama dalili ile ile inakuja mara nyingi na upepo hauji, basi ujue hapo unaposoma hali ya hewa kuna kitu hujakielewa, muulize mvuvi au nahodha anayelijua eneo hilo. Siku hizo za kubaki ufukweni pia usizipoteze, wafundishe kusoma maji wakiwa wamesimama, waoneshe ule mstari mweusi mbali unapoanzia upepo.